Kona Tisa za Kubishania Kati ya Nachingwea na Ruangwa

Watu wa Nachingwea na wa Ruangwa hatujawahi kukosa cha kubishania. Wenzetu wa Ruangwa wana Namungo, timu ya mpira iliyoingia Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wana pia Uwanja wa Majaliwa wa kuchezea. Sisi tuna uwanja wa ndege, udongo mwekundu na ile historia ya mradi wa karanga ulioshindwa, ambayo Waingereza wenyewe hawapendi kuisikia. Sasa ubishi umehamia kwenye magari ya langalanga, yale ya Formula 1.

Mtani wangu wa Ruangwa ni fundi pikipiki. Msimamo wake ni mmoja: "Kiwanja kisicho na kona ya kutisha si kiwanja." Namjibu kila mara: "Kona ya kutisha ikishapita, nani amempita nani?" Hapo ndipo tunapoachana. Yeye anahesabu kasi ya kona, mimi nahesabu nafasi za kuovateki, na ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba vitu hivi viwili mara nyingi havikai nyumba moja.

Kwanza tuelewane kanuni. Kinacholiweka gari ndani ya kona ni mshiko wa tairi. Kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 50, gari la kawaida kwenye lami kavu linaanza kuteleza likikaribia kilomita 70 kwa saa. Kwenye moramu yenye kokoto huru, kona ileile inakutupa porini ukigusa 55 hivi. Gari la langalanga lina msaada mwingine: mabawa na sakafu yake vinatumia hewa kuligandamiza chini, na mgandamizo huo unakua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, mgandamizo unakuwa mara nne. Kwa hiyo kwenye kona ya kasi gari lile linashika barabara zaidi kuliko kwenye kona ya polepole.

Lakini linataka hewa tulivu. Gari la mbele likishaivuruga hewa, la nyuma linabaki na mabaki. Kwa takwimu za Formula 1 wenyewe, gari la mwaka 2021 likiwa mita 10 nyuma ya mwenzake lilipoteza asilimia 46 ya mgandamizo wake. Kanuni za 2022 zikashusha hasara hiyo hadi asilimia 18. Maana yake kona ya kasi inamlinda aliyetangulia. Mtani, shika hilo, tunaanza kuhesabu kurudi nyuma.

9. Monaco, kona ya pini

Kilomita 3.337, kona 19, mizunguko 78. Kona ya pini iliyo mbele ya hoteli ndiyo ya polepole kuliko zote kwenye kalenda. Dereva anashuka hadi karibu kilomita 50 kwa saa, usukani ameukunja mpaka mwisho. Bodaboda wa Ruangwa anaizidi kasi hiyo akiwa na abiria wawili na debe la alizeti.

Kupitana hapo ni muujiza, maana barabara ni za mjini, ukuta kushoto, ukuta kulia. Mwaka 1992 Nigel Mansell, mwenye gari bora msimu ule, alibadilisha tairi zikiwa zimebaki raundi chache. Aliporudi alimkuta Ayrton Senna mbele yake. Alijaribu kulia, akajaribu kushoto, akamaliza akilitazama bawa la nyuma la Senna. Mwaka 2025 waandaaji walilazimisha kila dereva abadilishe tairi mara mbili, ili angalau msimamo utikisike kidogo.

Mtani akaniuliza Monaco inafanana na nini. Nikamwambia: reli ya Mtwara hadi Nachingwea. Ilijengwa kwa ajili ya karanga, ikafungwa 1962, na kwa muda wote huo behewa lililotoka bandarini likiwa la tatu lilifika Nachingwea likiwa la tatu. Kata ya Stesheni bado ina jina lake, reli ilishang'olewa.

"Kwa hiyo Nachingwea mlikuwa na Monaco yenu," akasema. Nimemwachia pointi hiyo.

8. Hungaroring, Hungaria

Langalanga ilifika hapa 1986. Kona zinafuatana bila kupumua, na mnyooko wa maana ni mmoja tu. Mwaka 1990 Thierry Boutsen alimfungia Senna mlango hadi bendera. Mwaka 2021 Fernando Alonso alimzuia Lewis Hamilton, aliyekuwa na gari la kasi zaidi, raundi baada ya raundi, na muda ule ukatosha kumpa Esteban Ocon, mwenzake wa timu moja, ushindi wa kwanza maishani mwake. Ukitaka kujifunza kuzuia, soma hapa. Ukitaka kuovateki, endelea na safari.

7. Suzuka, Japani: kona ya 130R

Hapa mtani anasimama kabisa kwenye benchi. "Hii ndiyo kona!" Ni kweli, ni kona. Jina lake limetokana na nusukipenyo chake cha awali, mita 130. Chukua kalamu: gari likiizunguka kona ya kiasi hicho kwa kilomita 300 kwa saa, tairi zinatakiwa kulivuta kuelekea ndani kwa nguvu inayozidi mara tano ya uzito wake. Shingo ya dereva inabeba kichwa na kofia kwa uzito huohuo. Baada ya ajali mbaya ya Allan McNish mwaka 2002, kona ililegezwa kidogo.

Mtani ana ushahidi wake wa kudumu: mwaka 2005 Alonso alimpita Michael Schumacher hapahapa, tena kwa nje. Nakubali, ni moja ya ovateki za kijasiri kuliko zote. Lakini mbio zile ziliamuliwa wapi? Kimi Räikkönen alianza wa 17, akapanda mmoja mmoja, na raundi ya mwisho kabisa akampita Giancarlo Fisichella kwenye kona ya kwanza, mwisho wa mnyooko, mahali pa kufunga breki. 130R ilitoa picha ya ukutani, kikombe kikatoka kona ya kwanza.

"Picha inakaa miaka mingi," akasema mtani.

Kikombe pia kinakaa, mtani.

6. Yas Marina, Abu Dhabi

Ndugu zetu walioko Ghuba wanautetea uwanja huu kwa nguvu, na wana haki: mbio zinaanza jua likizama na kumalizikia chini ya taa, na saa za kwao na za kwetu zimepishana saa moja tu. Ila kwa miaka 12 ya mwanzo kupitana hapa kulikuwa taabu tupu.

Muulize Alonso. Mwaka 2010 aliingia mbio za mwisho akiongoza msimamo. Timu ikamwita mapema abadilishe tairi, akarudi nyuma ya Vitaly Petrov. Karibu mbio nzima alikuwa na Petrov mbele yake. Kila akikaribia, kwenye kona fupifupi gari la Petrov lilimvurugia hewa, na alipofika kwenye mnyooko alikuwa ameshaachwa. Alimaliza wa saba, Sebastian Vettel akawa bingwa. Msimu uliofuata, 2011, ndipo ilipoanza DRS, bawa la nyuma lililokuwa likifunguka kumsaidia anayefuata.

Mwaka 2021 wakauchimba uwanja upya: wakaondoa zigizaga moja iliyokuwa inaua kasi kabla ya mnyooko, uwanja ukafupika kutoka kilomita 5.554 hadi 5.281. Desemba mwaka huohuo Max Verstappen, akiwa na tairi mpya laini, alimpita Hamilton mwenye tairi kuukuu kwenye kona ya tano, raundi ya mwisho, na ubingwa ukahama. Ubishi kuhusu gari la usalama siku ile ni mrefu kuliko barabara ya Liwale, hivyo siugusi. Ninachosema ni kwamba kona hiyo ni ya polepole, na kwenye mchoro wa zamani ingekuwa ngumu zaidi kuifikia ukiwa karibu na mwenzako.

5. Moramu ya Safari Rally, Kenya

Wapenzi wa langalanga watasema huu si uwanja. Sawa, si uwanja. Lakini siwezi kuandika kutoka Nachingwea nikaiacha moramu nje, kwa sababu huku ndiko tulikojifunzia maana ya kona, na tuna haki ya kuijadili kuliko mtu wa Monaco.

Safari ilianza 1953 kama mbio za kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tanzania tuna sehemu yetu kwenye orodha ya mabingwa: Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Mwaka 1963 na tena 1968, kati ya magari mengi yaliyoanza, ni saba tu yaliyofika mwisho, na bingwa wa miaka yote miwili alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki.

Sasa tazama kona ya moramu inavyochukuliwa. Dereva wa rali haingii kama dereva wa lami. Pua ya gari inaelekea ndani kabla kona haijaanza. Amelitupa makusudi, nyuma inateleza, tairi za mbele ameshazielekeza kule anakotaka kutokea, na mguu uko kwenye mafuta. Anafanya hivyo kwa sababu kokoto huru hazimpi mshiko wa kugeuka ghafla. Gari lililolala upande linapunguza mwendo lenyewe, na likifika katikati ya kona limeshageuka, limebakiza kutoka tu. Kasi ya kona kwenye moramu inategemea pia umepita wa ngapi. Wa kwanza anafagia kokoto, wanaofuata wanakuta njia safi. Mvua ikinyesha mambo yanageuka, wa kwanza anapita kavu na wa mwisho anaogelea.

Kuovateki je? Magari yanaachiwa moja moja kwa kupishana dakika kadhaa, kwa hiyo ukimfikia mwenzako maana yake umeshamshinda kwa saa. Kinachobaki ni kumpita ndani ya vumbi lake. Mtu aliyewahi kuwa nyuma ya fuso la korosho kati ya Nachingwea na Ruangwa mwezi wa Oktoba anajua: unaona wekundu mtupu, unasikia injini tu. Mtani hapa hakubisha hata kidogo. Alitikisa kichwa tu, nadhani alikumbuka mambo.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, makao yakiwa Naivasha. Kuanzia mwaka huo hadi 2025 washindi walikuwa Ogier, Rovanperä, Ogier tena, Rovanperä tena, kisha Evans. Wote walishinda kwa Toyota. Ukipanda Noah kutoka Masasi asubuhi, kaa kwa heshima.

4. Silverstone, Uingereza

Huu una undugu na Nachingwea, na nitauthibitisha.

Silverstone ulikuwa uwanja wa ndege za kivita, ulifunguliwa 1943. Vita vilipokwisha, Waingereza walibaki na njia za kurukia ndege zisizo na kazi. Oktoba 1948 wakafanyia mbio kubwa za magari hapo, na tarehe 13 Mei 1950 zikafanyika mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa langalanga, akashinda Giuseppe Farina kwa Alfa Romeo. Miaka ileile, 1947 hadi 1951, serikali ileile ilikuwa inamwaga fedha kwenye karanga za Kongwa, Urambo na Nachingwea, na baadhi ya matrekta iliyoyaleta Tanganyika yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Mabaki ya vita moja: kwao yakawa uwanja wa mbio, kwetu yakaja kung'oa visiki. Karanga zilishindwa, mbio zinaendelea hadi leo.

Turudi kwenye kona. Copse inachukuliwa kwa takriban kilomita 290 kwa saa. Mwaka 2021, raundi ya kwanza, Hamilton alijaribu kumpita Verstappen papo hapo. Tairi zikagusana, Verstappen akaingia kwenye ukuta wa matairi kwa kishindo kilichopimwa mara 51 ya nguvu ya uvutano, akapelekwa hospitali, akatoka salama. Nawaambia madereva wetu bila mzaha: kwenye kona zetu hakuna ukuta wa matairi. Kuna mbuyu, kuna mtaro, kuna mama mwenye ndoo. Asiyeona mbele asiovateki.

Mahali halali pa kupitana Silverstone ni kona ya Stowe, mwisho wa mnyooko wa Hangar, jina lililobaki tangu siku za ndege. Mwaka 1987 Mansell alimdanganya Nelson Piquet kwamba anapita kushoto, akapita kulia. Mashabiki wakajaa barabarani.

Mtani akaja na hoja: "Nachingwea mna uwanja wa ndege, sawa, lakini ardhi yenu bapa. Ruangwa tuna vilima. Kona bila mlima haina ladha." Nilitaka kukataa, ila namba tatu inampa haki.

Kabla ya tatu bora, heshima kwa aliyekosa nafasi: Kyalami ya Afrika Kusini. Jody Scheckter alishinda hapo nyumbani kwao 1975, akawa bingwa wa dunia 1979. Langalanga haijakanyaga Afrika tangu mbio za Kyalami za 1993. Bara zima linatazama kwenye televisheni, na hilo linaniuma kweli.

3. Spa-Francorchamps, Ubelgiji

Kilomita 7.004, uwanja mrefu kuliko wote wa langalanga kwa sasa. Magari yanateremka hadi bondeni Eau Rouge, yanatupwa kushoto, kulia na kushoto tena yakipanda Raidillon, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Ni kona ya kutisha, mtani ameridhika. Na juu yake kuna mnyooko wa Kemmel, kisha breki za Les Combes, kwa hiyo na mimi nimeridhika.

Ndipo mwaka 2000 Mika Häkkinen alipomfuata Schumacher akipanda kilima. Mbele yao kulikuwa na Ricardo Zonta, nyuma kwa raundi nzima, akitembea katikati. Schumacher akampita Zonta kushoto. Häkkinen akapita kulia, akawapiku wote wawili kwa pigo moja. Mwaka 2011 Mark Webber alimpita Alonso ndani ya Eau Rouge kwenyewe. Kilima hicho pia kimeua: Anthoine Hubert, kijana wa miaka 22, alifariki baada ya ajali ya Formula 2 hapo tarehe 31 Agosti 2019, na kabla ya mbio za 2022 sehemu ya pembeni ilipanuliwa.

2. Monza, Italia

Uwanja wa 1922, bado unakimbiza. Mwaka 1971, kabla hazijawekwa zigizaga, magari yalikwenda kundi moja, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake ili hewa isimpige, kisha akichomoka kumpita. Uongozi ulibadilika mara nyingi kiasi kwamba kushika nafasi ya kwanza kulikuwa hasara. Peter Gethin alimshinda Ronnie Peterson kwa sekunde 0.01, watano wa kwanza walifika ndani ya sekunde 0.61. Wastani wa mwendo ulikuwa zaidi ya kilomita 242 kwa saa, rekodi iliyodumu hadi 2003. Mwaka uliofuata zigizaga zikawekwa.

Leo gari linafika mwisho wa mnyooko likikaribia 340, kisha linafunga breki hadi chini ya 90. Hakuna kona ya sifa pale, ni kigeuko tu, lakini kila Septemba watu wanapitana.

Na hapa Ruangwa inaingia kwenye langalanga kwa mlango wa mbele. Kanuni za 2026 zimeifuta DRS, na badala yake anayefuata ndani ya sekunde moja anapewa nguvu ya ziada ya umeme. Mota ya umeme sasa inafikia kilowati 350, karibu nusu ya nguvu za gari. Umeme huo unakaa kwenye betri za lithiamu, na upande mmoja wa betri hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa kinywe. Wilaya ya Ruangwa ina hazina kubwa ya kinywe, kwenye maeneo ya Nachu na Chilalo. Nilipomwambia mtani, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ovateki zenu zinatoka chini ya miguu yetu." Alitamba wiki nzima, na simlaumu. Madini yale yakichimbwa vizuri, na vijana wa pale wakafundishwa kutengeneza betri badala ya kupakia magunia tu, nitatamba pamoja naye.

1. Interlagos, São Paulo

Kilomita 4.309 tu, raundi 71, magari yanazunguka kinyume na saa. Hakuna 130R hapa, hakuna Copse. Mtani aliponiona nimeuweka juu aliuliza kama nina homa.

Siri iko kwenye kona inayoitwa Junção. Ni kona ya kushoto, ya mwendo wa wastani, chini ya kilima. Ukitoka hapo unapanda mlima ukikanyaga mafuta, barabara ikijikunja polepole kushoto, unapita mstari wa kumalizia, hadi breki za kona ya kwanza, ambako barabara inaporomoka ghafla kushoto kisha kulia. Dereva mzuri halazimishi kasi ndani ya Junção. Anafunga breki mapema kidogo, anachelewa kugeuza, analinyoosha gari mapema, anakanyaga mafuta kabla ya mwenzake. Piga hesabu: ukitoka na kilomita 5 kwa saa zaidi ya aliye mbele, na tofauti hiyo ikabaki hivyo kwenye kilomita moja kwa wastani wa 270, umepata mita 18 hivi. Hiyo ni zaidi ya urefu wa magari matatu. Kwa hiyo ovateki inayoonekana kona ya kwanza imeshapikwa Junção.

Na ukipitwa hapo hujafa. Baada ya kona ya tatu kuna mnyooko mwingine na breki nyingine, unarudisha. Watu wanapitana mara mbili katika raundi moja. Hakuna uwanja mwingine kwenye orodha hii unaompa aliyepitwa haki ya kujibu haraka namna hii.

Ushahidi upo. Mwaka 2008, mvua ikianza tena, Felipe Massa alivuka mstari akiwa mshindi nyumbani kwao, na kwa nusu dakika hivi alikuwa bingwa wa dunia. Nyuma kabisa, Junção, Hamilton akampita Timo Glock aliyekuwa akihangaika na tairi za kavu, akapata nafasi ya tano aliyoihitaji, ubingwa ukaenda kwake kwa pointi moja. Mwaka 2021 Hamilton huyohuyo aliondolewa kwenye matokeo ya kufuzu, akaanza mbio fupi za Jumamosi akiwa wa mwisho na kumaliza wa tano, akapigwa adhabu nyingine, akaanza Jumapili wa 10, akashinda. Mwaka 2024, kwenye mvua, Verstappen alianza wa 17 na kushinda. Hao hawakusaidiwa na bahati peke yake. Uwanja wenyewe unamruhusu mwenye uwezo kupanda.

Nilimweleza mtani yote hayo juu ya benchi la karakana yake. Alimaliza kufunga boliti aliyokuwa nayo, akapangusa mikono. "Nimekubali Interlagos," akasema, "ila Spa inabaki ya pili kwangu, na Monza ishuke."

Monza haishuki. Kwangu nafasi ya kupitana ina uzito kuliko kasi ya kona, na orodha inabaki kama ilivyo.

Mbio za São Paulo kwa kawaida hufanyika Novemba, saa 8 mchana kwao, ambayo kwetu ni saa 2 usiku, wakati minada ya korosho inaendelea. Mtani, siku hiyo njoo Nachingwea, nafasi yako kwenye benchi ipo. Nawe msomaji wa Liwale, Masasi au Mtama mwenye kona unayoona nimeidhulumu, ilete tubishane.